Mzizi "ruh" wa Kisanskriti: kupanda, kuota, kupona kidonda, mpaka tuhuma. Ni neno moja kweli?

KamusiMkononi

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada kwa wanaojua Kisanskriti, hata anayejua Kihindi tu asipite kimya. Nasoma Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, kwa tafsiri, sasa sura ya 6 ubeti wa 3 kuna maneno mawili, arurukshu na arudha (naandika bila vile vitone na vistari, simu yangu haina), la kwanza mfasiri kasema ni mtu anayetamani kupanda kwenye yoga, la pili ni yule ambaye keshapanda. Wa kwanza anaambiwa njia yake ni kutenda kazi, wa pili njia yake ni utulivu. Hapo sina shida. Kilichonitoa jasho ni kamusi ya Monier-Williams, ile ya 1899, nimeingia kutafuta mzizi wenyewe ambao ni ruh, nikakuta kupanda mlima, kupanda farasi, kupanda chombo, mbegu kuota, kitu kukua, kuongezeka, kidonda kufunga. Halafu ukifuata maneno yaliyozaliwa humo unakutana na nywele, mti, yungiyungi, mazoea ya watu, na tuhuma. Tuhuma jamani! Yaani mtu kushtakiwa kumetokana na mbegu kuota?

Swali: hii ni mizizi miwili mitatu inayofanana ikarundikwa pamoja, au kweli ni mmoja? Na kama ni mmoja, kilichotangulia ni kipi, kupanda juu au kuota?

Dogo_wa_Pune

Mkuu mimi Kisanskriti sina ila nimesoma chuo Pune, India, na haya maneno nimeishi nayo bila kujua ni ndugu, leo ndo umenifungua macho. Mvua zikianza kule kila ukuta una bango la vriksharopan, shule wanafanya, manispaa wanafanya, na wanasiasa nao, mche mmoja unashikwa na watu kumi wanaangalia kamera. Vriksha ni mti, aropan ni kuupanda ardhini. Tarehe 26 Januari na 15 Agosti chuoni tulikuwa tunaamshwa asubuhi kwa ajili ya dhvajarohan, yaani kupandisha bendera. Mpanda milima anaitwa parvatarohi. Wakulima wa mpunga, ile kazi ya kuhamisha miche kutoka kitaluni kwenda jarubani, kwa Kihindi ni ropai. Na gazeti lolote ukifungua ukurasa wa mahakama utakuta aropi, mtuhumiwa.

Kwa hiyo kwa masikio yangu ni kitu kimoja hicho, ila mtuhumiwa na mche wa mpunga wanakutana wapi mimi sijui, tusubiri wenye elimu.

MzeeWaMizizi

KamusiMkononi, mzizi ni mmoja, na swali lako la pili ndilo zuri zaidi kwa hiyo nitaanza nalo.

Wanasarufi wa Kihindi wa kale walikuwa na orodha ya mizizi ya vitenzi, Dhatupatha, inafungamana na sarufi ya Panini, mwanasarufi mkuu wa Kisanskriti wa kale, na ina mizizi kama 2000 hivi, kila mmoja umepewa maana kwa maneno mawili matatu tu. Wa kwetu huu umeandikiwa "bijajanmani pradurbhave ca", yaani kuzaliwa kwa mbegu, na kujitokeza. Basi. Kupanda mlima hakutajwa kabisa! Sasa ukitoka hapo ukaingia Rigveda, mkusanyiko wa nyimbo takatifu za kale za India, ambayo ni ya zamani kuliko Panini kwa karne nyingi, huko kupanda kumejaa tele, watu wanapanda magari ya vita, jua linapanda mbinguni, kuna ubeti (10.63.10) wanaomba wapande chombo cha miungu chenye makasia mazuri na kisichovuja, hicho kisichovuja mimi huwa nakipenda sana, mshairi alikuwa anaijua bahari au walau mto. Kwa hiyo ukiangalia India peke yake huwezi kuamua nani mkubwa.

Jibu linatoka nje. Umbo la zamani la mzizi huu halikuwa ruh, lilikuwa rudh, ile dh yenye pumzi imelegea ikabaki h, jambo ambalo Kisanskriti kinafanya mara nyingi. Umbo la zamani limebaki kwenye maneno machache kama virudh, mmea. Ukishajua hivyo unaanza kuwaona ndugu zake: Kiajemi kina ruyidan, mimea kuota. Kigothi, lugha ya Ulaya iliyokufa zamani, kilikuwa na liudan, kukua. Wajerumani wanasema Leute, watu, na Warusi lyudi, watu vilevile, yaani waliokua, kizazi, ukoo. Wataalamu wengi wanaweka humo pia liber ya Kilatini na eleutheros ya Kigiriki, mtu huru, kwa maana ya mtu wa ukoo wenyewe, si mtumwa aliyeletwa. (l ya huko imekuwa r ya Kisanskriti, usishtuke.) Sasa angalia, hawa wote wanazungumzia kukua na watu waliokua, hakuna anayepanda farasi. Kupanda ni jambo la upande wa India. Kwa hiyo kuota ndiyo kaka mkubwa, na kupanda kumetoka humo, kwa sababu mmea unaoota unakwenda juu hatua kwa hatua huku umeshika kitu.

Hilo la kushika kitu nalisisitiza kwa makusudi, maana watu wakisoma "rise" kwenye kamusi za Kiingereza wanadhani ruh ni kwenda juu tu, kama moshi. Siyo. Mwelekeo unaletwa na kiambishi cha mbele. A-ruh ni kupanda, ava-ruh ni kushuka, yaani kutelemka kutoka kwenye mti au farasi, pra-ruh ni kuchipua, vi-ruh ni kuchipua kwa kutawanyika, sam-ruh ni kuota kwa pamoja hadi kushikana, ndipo kidonda kinapoingia. Na ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni ule mti mkubwa wenye mizizi inayoning'inia kutoka matawini hadi inagusa chini inakuwa shina jingine. Kisanskriti unaitwa nyagrodha. Aitareya Brahmana, kitabu cha kale cha kufafanua ibada za Veda, inalieleza jina hilo yenyewe: uliota ukielekea chini, kwa hiyo ni nyag-roha, ila watu wanautaja kwa mafumbo nyagrodha. Mti unaota kwenda CHINI na mzizi wa kitenzi ni uleule. (Siyo mafumbo kwa kweli, ni ile dh ya zamani tu haijalegea.)

Haya, tuhuma. Hapo inabidi uingie kauli ya kutendesha. Ruh ina kutendesha kwa namna mbili, rohayati na ropayati, na Panini ameweka kanuni nzima kwa ajili ya hiyo p (7.3.43), anasema ukipenda iweke, usipopenda acha. Wimbo wa Rigveda 1.7.3 unasema mungu Indra alilipandisha jua mbinguni ili watu waone mbali, hapo imetumika ile ya h. Ile yenye p ndiyo ikaja kubeba kazi ya shamba, kuotesha, kupanda mche, ndo ropai ya Dogo_wa_Pune. Ukiitia a- mbele inakuwa kuweka kitu juu ya kingine, aropa. Wanafalsafa wa Vedanta, shule moja ya falsafa ya Kihindu, wana adhyaropa, ule mfano wao maarufu wa kamba gizani ambayo mtu anaiona nyoka, unyoka umewekwa juu ya kamba ambayo haina habari. Na mahakamani vivyo hivyo, kosa linawekwa juu ya mtu. Tofauti ni kwamba kwetu kubambikiwa kesi maana yake ni uongo moja kwa moja, wakati aropa ya leo ya Kihindi ni tuhuma tu, inaweza kuwa ya kweli.

KamusiMkononi

Mzee shikamoo. Nimesoma mara mbili na bado nitarudia. Hiyo ya kidonda hebu iongeze nyama kidogo.

MzeeWaMizizi

Marahaba. Iongeze nyama, umesema vizuri, maana sisi wenyewe husema kidonda kinaota nyama.

Atharvaveda, mkusanyiko mwingine wa nyimbo za Veda, kitabu cha 4 wimbo wa 12 ni dawa ya mfupa uliovunjika au kidonda kikubwa. Mganga anauita mmea "rohani", yaani mwotesha, anarudia jina mara kadhaa, wewe ni rohani, rohani wa mfupa uliokatika, otesha hiki. Halafu anaendelea uboho na uboho, nyama na nyama, ngozi na ngozi viunganike. Huyu mtu ametumia neno moja kwa mmea na kwa kazi anayoutuma, mmea unaota kwa hiyo utaotesha, ndiyo mantiki yote ya uganga ule. Baadaye sana kwenye Sushruta Samhita, ambacho ni kitabu cha upasuaji, uchawi umepungua ila neno limebaki, matibabu ya kidonda kwanza ni shodhana, kukisafisha, halafu ropana, kukiotesha, na kuna mafuta, samli na majani ya kila hatua. Daktari wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, leo ukimwambia ropana anakuelewa bila kufungua kitabu.

Na Rigveda 3.8 mwishoni, hii nisiiache. Wamekata mti wakachonga nguzo ya sadaka, kisha wanageukia kisiki kilichobaki wanakiambia: ota tena wenye matawi mia, nasi tuote wenye matawi elfu. Kitenzi kimoja, vi-ruh, kwa kisiki na kwa watu. Ubeti huo ulinifanya niache kujiuliza kama ni mizizi miwili.

Baharia_Mstaafu

Samahanini naingilia, mbona hamuoni kilicho mbele ya pua? Sisi tunasema KUPANDA mlima, KUPANDA meli, bei imePANDA, na KUPANDA mahindi. Neno moja! Na Wahindi wamekuja pwani hii karne kwa karne na majahazi yao, kina laki na gari si ya kwao? Kwa nini na hii tusiseme tulichukua huko, angalau ile maana.

MzeeWaMizizi

Baharia, laki na gari nakupa. Panda hapana, hiyo ni ya Kibantu na tulikuwa nayo kabla ya jahazi lolote. Halafu iangalie inavyofanya kazi, haifanani. Kwa ruh mbegu ndiyo inayotenda, inaota yenyewe, na ukitaka mkulima atende lazima uingie kutendesha. Kwetu mkulima ndiye anapanda moja kwa moja, mbegu haipandi, mbegu inaota. Na ukiingia kutendesha kwetu, pandisha, unapata bendera, bei na mashetani, hupati mahindi. Njia mbili tofauti zimekutana sokoni, basi.

Baharia_Mstaafu

Sawa mzee ila bado inafurahisha. Nimekaa.

Mpiga_Kinanda

Mimi niongeze la muziki maana KamusiMkononi hakulitaja. Tuliojifunza kinanda cha mkono, ile harmoniamu, kwa walimu wa Kihindi jambo la kwanza kwa kila raga, yaani mpangilio wa sauti unaojenga wimbo, ni aroha na avaroha, kupanda kwa sauti na kushuka kwake. Nami nilidhani ni ngazi tu, unapanda do re mi unageuka unarudi palepale. Raga Bhupali kweli iko hivyo, sauti tano, sa re ga pa dha, ukipanda hizo ukishuka hizo. Ila chukua Desh, ukipanda unaruka ga na dha, sa re ma pa ni sa, ukishuka unapita zote na ile ni inakuwa ya chini, siyo uliyopandia. Kwa hiyo kushuka siyo kupanda kwa kinyumenyume, ni njia yake. Nyimbo nyingi za tarabu ya Mombasa zilizochukua melodi za filamu za Kihindi ukizisikiliza kwa sikio hilo utasikia mwimbaji anakwenda juu kwa njia moja na anarudi kwa nyingine, na kinanda kinamfuata, au kinampoteza, inategemea nani kakaa.

Alichosema Mzee kuhusu kushuka huku umeshika kitu nimekipenda, ndivyo avaroha ilivyo, hudondoki.

MamaSabra

Jirani yangu binti yake anaitwa Rohini, na mama yake aliwahi kuniambia maana yake ni "anayepanda, anayekua". Kumbe ndiyo ruh hii hii. Na kuna Rohit pia, si ndo hiyohiyo?

MzeeWaMizizi

Da MamaSabra, mama mtu kasema kitu kizuri ila jina limetoka kwingine. Rohini ni nyota, ile ambayo wanajimu wa Ulaya wanaiita Aldebaran, ni nyekundu kidogo ukiiangalia vizuri, na Rohita ni mwekundu. Huo ni mzizi wa wekundu, una ndugu rudhira, damu, na rot ya Wajerumani. Hapo zamani kabisa ule wa wekundu ulianza kwa r na huu wa kuota ulianza kwa l, ndiyo maana Mjerumani hadi leo ana rot na Leute mbali mbali. Kisanskriti kikageuza l kuwa r kisha dh kuwa h, wakajikuta wamevaa nguo moja.

MamaSabra

Sawa, lakini Mhindi wa kale aliyekuwa anasikia maneno mawili yanalia sawa angejuaje ya Wajerumani? Kwake si yalikuwa kitu kimoja tu?

MzeeWaMizizi

Hapo umenibana, na wewe ndiye uko na washairi. Kitabu cha 13 cha Atharvaveda kimeanza na kumsifu Rohita, Mwekundu, ambaye ni jua, na ubeti wa nne unasema "ruho ruroha rohita a ruroha", miinuko ameipanda Rohita, amepanda. Mtunzi ameyapanga makusudi yagongane. Kwa mwanahistoria wa lugha ni mizizi miwili, kwa huyo mtunzi jua ni jekundu kwa sababu linapanda na linapanda kwa sababu ni jekundu. Mwambie jirani yako abaki na maana yake.

KamusiMkononi

Naona raha kwa kweli. Mwisho mawili tu kisha nawaacha mkale. Moja, mazoea, rudhi, imetokaje kwenye kuota? Pili, kule kwenye Yoga Sutra ubeti wa pili kuna nirodha, "yoga ni nirodha ya mizunguko ya akili". Ina rodh ndani. Kwa hiyo ni ni-rudh, kuota kwa ndani? Kuna mwalimu mmoja wa yoga kwenye klipu ameeleza hivyo kabisa, akili inaota mizizi ndani.

MzeeWaMizizi

Mwalimu wa klipu muache na klipu yake. Huo ni rudh wa tatu, runaddhi, kuzuia, kuziba. Nirodha ni kuzuia, virodha ni upinzani. Utaijua kwa jinsi kitenzi kinavyonyambulika, kuota ni rohati, kuzuia ni runaddhi, hazichanganyiki hata kidogo mpaka zikiwa majina, hapo ndo watu wanapotelea.

Rudhi sasa. Rudha ni kilichokwisha kuota, kilichokomaa, halafu kikawa kilichozoeleka, kinachojulikana na wote. Kwa Kihindi cha leo imekwenda mbali zaidi, rurhi ni mila iliyokauka na rurhivadi ni mtu asiyetaka mabadiliko. Lakini wataalamu wa lugha wa kale waliitumia kwa jambo ambalo linakuhusu wewe msoma kamusi moja kwa moja. Walisema neno lina maana za aina mbili, yoga, ile unayoipata kwa kuunganisha vipande vyake, na rudhi, ile iliyoota kwa matumizi ya watu. Kushala ukilivunja ni mkata majani ya kusha, majani makali yanayokata vidole, ila hakuna anayelitumia hivyo, maana yake ni hodari. Na kuna ya katikati, yogarudha, mfano wao wa siku zote ni pankaja, aliyezaliwa matopeni. Vipande viko sawa, yungiyungi kweli linatoka matopeni, lakini na magugu mengine yanatoka hukohuko na hayaitwi pankaja. Ndivyo ilivyo pia kwa saroruha, lile yungiyungi lako la kwenye kamusi, iliyoota ziwani, na shiroruha, iliyoota kichwani, ambayo ni nywele na siyo jipu, ingawa jipu nalo linaota kichwani.

Dogo_wa_Pune

Hahaha jipu. Mzee na vridh je? Maana Kihindi kukua ni barhna, nikadhani ndo ruh.

MzeeWaMizizi

Hapana, barhna ni ya vridh, vardhate. Huo ni kuongezeka ukubwa, wingi, nguvu, hauhitaji mbegu wala ngazi. Vriddha ni mzee, aliyekwisha kukua. Vriddhi ni ongezeko, na kwa wakopeshaji ni riba, fedha iliyokua. Mahavira, mwalimu mkuu wa dini ya Wajaini, jina lake la kuzaliwa ni Vardhamana, anayeongezeka. Na sarufi nzima ya Panini neno lake la kwanza ni vriddhi, "vriddhir adaic", analitumia kama jina la irabu a ndefu, ai na au, ila wafafanuzi wake wanasema aliliweka mwanzo kwa sababu ni neno la heri, kitabu kikue na wasomaji wakue. Waliokulia karibu na maduka ya Wagujarati wamesikia "vadhare", zaidi, hiyo ni ya humo.

KamusiMkononi, kama unaendelea usibaki na Monier-Williams tu, kwa mizizi tafuta kitabu cha Whitney cha 1885, ni kidogo na kinasoma kikavu, lakini kila umbo la ruh, ruroha, arukshat, rokshyati, ameliwekea herufi ya kipindi lilipotumika, V kwa Veda, B kwa Brahmana, E kwa tenzi kubwa, C kwa Kisanskriti cha baadaye. Ukifika kwenye Mahabharata, utenzi mkubwa wa India, kitabu cha 18 ambacho ndo cha mwisho, Svargarohana, utakuwa unajua tayari kichwa chake kinasema nini kabla hujafungua tafsiri.

KamusiMkononi

Svarga ni mbinguni, arohana kupanda. Kupanda mbinguni. Nimelala nayo hii, asanteni sana.

Baharia_Mstaafu

Na mimi nataka hiyo ya chombo kisichovuja, Mzee, iandike yote tuione.